Nani Anapika? Mwongozo wa kuandika distopia ukiwa mwaloni

Hadithi yangu ya kwanza ya distopia ilikuwa na maroboti. Yameiteka Capri Point, mtaa wa hapa Mwanza, yamezungushia waya wa umeme, na mkuu wao anahutubia akiwa juu ya Jiwe la Bismarck. Nikajiona nimeandika. Nikapanda daladala hadi Igombe, kwenye mwalo ambako boti za uvuvi hushushia samaki, kuwasomea akina mama wanaoanika dagaa, maana shangazi yangu ni mmoja wao na nilijua hawatanifukuza. Walisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mmoja wao akauliza, mikono yake ikiendelea kutawanya dagaa kwenye nyavu: "Mwanangu, hao watu wanaoyaendesha hayo madude, nani anawapikia?"

Sikuwa na jibu. Kurasa kumi na nne, na hakuna aliyepika, aliyefua, aliyezaa wala aliyechota maji.

Kwa asiyelizoea neno lenyewe: distopia ni bunilizi ya jamii iliyokwenda mrama, mara nyingi ya siku zijazo, ambamo utawala au janga limewabana watu hadi maisha ya kila siku yakawa adhabu. Wanawake walioandika distopia walianzia pale pale aliposhika yule mama. Nilichojifunza kwao nimekipanga hapa kwa hatua nane. Ya pili na ya nne zitakula muda wako. Nyingine ni za kupita.

Hatua ya 1: Soma, lakini usisome vyote

Anza na kifupi kuliko vyote. Mwaka 1905 Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke Mwislamu wa Bengal, aliandika Sultana's Dream mume wake akiwa safarini kikazi. Ni ndoto ya nchi ambayo wanaume ndio wanaofungiwa ndani, na wanawake wanaendesha mambo kwa nguvu ya jua na kuvuna maji kutoka mawinguni. Utaimaliza kwa mchana mmoja, na kwa kuwa ni ya zamani inapatikana bure kwenye intaneti. Yenyewe si distopia. Ni kinyume chake. Ila ukishaona ukuta ukimzunguka mwanaume, hutausahau ule uliomzunguka mwanamke.

Halafu Katharine Burdekin, Swastika Night, 1937. Aliitoa kwa jina la kiume, Murray Constantine, na ukweli wa nani aliyeiandika ulikuja kujulikana hadharani miaka ya 1980, yeye akiwa ameshakufa. Anachora Ulaya iliyotawaliwa na Wanazi kwa karne saba, wanawake wakinyolewa vichwa na kufugwa kwa ajili ya kuzaa tu. Tazama mwaka: riwaya ya George Orwell ambayo kila mtu anaitaja ilitoka 1949. Bibi huyu alitangulia kwa miaka 12.

Kisha The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood wa Kanada, 1985, na Parable of the Sower ya Octavia Butler, Mmarekani mweusi, 1993. Ukichoka kusoma, tazama Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya 2009, kuhusu watu wanaoishi wamefungiwa ndani baada ya vita vya maji, wakisafisha hata jasho lao ili walinywe.

Nyumbani nako kuna akiba. Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando, inawaonyesha wanawake wakihangaika kusimamisha nguzo moja huku kila mmoja akivutia upande wake. Na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, imeanzia kisiwani kwake, kwa baba mlevi anayedhani kipigo ni malezi. Kezilahabi hakuwa mwanamke na ile si distopia. Nakutajia kwa sababu utapajua mahali unapopasoma.

Hatua ya 2: Fungua daftari la amri

Atwood alianza kuandika riwaya yake Berlin Magharibi mwaka 1984, ukuta ukiwa bado umesimama, na alijiwekea sharti: hataingiza jambo lolote ambalo binadamu hawajawahi kulifanya mahali fulani, wakati fulani. Alikata habari magazetini na kuzihifadhi. Romania, kwa mfano, iliyopiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 ili idadi ya watu iongezeke. Watu wakamwambia ana mawazo ya kutisha; yeye ana bahasha ya magazeti.

Sharti hilo lichukue kama lilivyo. Nunua daftari, chora mistari miwili upate safu tatu: amri yenyewe, aliyebanwa, aliyenufaika. Usiandike kitu ulichobuni. Daftari langu lina haya, miongoni mwa mengi:

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 ilimruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana anasubiri 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema hilo linakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaliunga mkono.

Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi darasani. Jiulize mtunzi wa distopia anafanya nini na miaka ile kabla ya Novemba. Jiulize pia kwenye safu ya pili nani hakuandikwa: aliyempa hiyo mimba.

Mwaka 1990, hapa hapa Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza, na ndugu mmoja wa kiume akadai kwamba kwa mila mwanamke anaruhusiwa kulima ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Jaji akasema mila hiyo ni ubaguzi na Katiba inaukataa. Hebu igeuze: chukua dunia ambayo jaji alitoa hukumu nyingine, na miaka hamsini imepita.

Na lililo zito kuliko yote. Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu. Yale macho yaliiva kwa moshi, miaka na miaka ya kukaa jikoni mbele ya kuni na kinyesi cha ng'ombe. Hapo swali la yule mama wa Igombe linarudi kwa sura mbaya kabisa: nani anapika? Anayepika ndiye anayehukumiwa kwa alama ambazo kupika kumemwachia. Nimesoma distopia nyingi, na sijakutana na mtunzi aliyebuni amri katili kwa ustadi kuliko hiyo, nayo haikubuniwa.

Ila tahadhari. Familia zilizopoteza bibi zao zipo, wengine ni majirani zako. Badilisha kijiji, badilisha majina, badilisha namna kifo kilivyotokea. Usichukue msiba wa mtu ukaufanya pambo la sura ya kwanza.

Kaa na daftari hili wiki mbili au tatu. Waulize wazee. Uliza ukiwa kwenye kikoba, uliza saluni, uliza kwenye foleni ya kliniki. Usiulize "mlinyanyaswaje", hakuna atakayekujibu. Uliza "zamani ilikuwa mwiko gani kwa mwanamke?" Utaambiwa mambo ya kula mayai, ya kupanda mtumbwi, ya kupita mbele ya nani na nani, mpaka daftari lijae.

Hatua ya 3: Chagua amri moja tu

Wanaoanza hurundika: vita, ugonjwa, dikteta, ukame. Chukua moja, ipeleke mbele hatua moja.

Mfano ninaoutumia hapa chini ni wangu mwenyewe. Katika Gilead, nchi ya kubuni ya riwaya ya Atwood ambako wanawake wamenyang'anywa haki zao, asubuhi moja akaunti zote za wanawake zinafungwa. Mhusika anagundua akiwa dukani, kadi inakataa. Sisi wengi hatuna kadi, tuna laini za simu tunazowekea pesa. Na tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, mtandao unajua laini ipi ni ya mwanamke. Basi: Kabula, mchuuzi wa dagaa, yuko ufukweni alfajiri, boti zimeingia, bei imeshapatanwa, ndoo nane ziko miguuni pake. Anabonyeza kulipa. Simu inalia: "Ndugu mteja, laini yako imehamishiwa kwa msimamizi wako. Kwa msaada, tafadhali mwambie msimamizi wako apige simu."

Teknolojia yote ya ujumbe huo ipo tayari. Kilichobaki ni mtu wa kutoa amri.

Hatua ya 4: Mtafute shangazi

Hapa ndipo hadithi nyingi hufa. Mwandishi anaweka mwanaume mkatili mwenye buti, anampigisha kelele, basi. Distopia za wanawake zina jicho kali zaidi. Gilead ina makamanda, ndiyo, lakini wanaowafunda wasichana, wanaowachapa na kuwaambia kwamba hii ni kwa faida yao, ni wanawake. Na cheo chao kwa Kiingereza kina maana ya shangazi.

Msomaji wa Kiingereza analisoma neno hilo kama ukarimu uliopotoshwa. Sisi tunalisoma kwa kina kingine. Shangazi ni dada wa baba. Ana sauti kwenye mahari, ana sauti kwenye ndoa ikivunjika, anaweza kukusema mbele za watu na mama yako akanyamaza. Pwani kuna kungwi na somo. Kabla hujaandika sura hii, usome Utendi wa Mwana Kupona, aliouandikia binti yake mwaka 1858 au karibu na hapo: mume akilala usimwamshe, mpapase, apate na wa kumpepea. Wapo wanaouona kuwa utiifu mtupu. Wapo wanaosikia mama mgonjwa anayempa bintiye mbinu za kuishi ndani ya nyumba ambayo hawezi kuibomoa. Mimi niko na hao wa pili, ila siku nyingine nikiusoma nina hasira. Shangazi wako wa distopia awe hivyo hivyo: msomaji asiweze kuamua.

Mpe sababu. Labda alipigania jambo akashindwa. Labda anamlinda binti yake mmoja kwa kuwatoa wa wenzake. Kwenye hadithi ya Kabula, shangazi ndiye wakala wa pesa pale mwaloni. Amri ilipotoka, ofisi ilimwachia laini yake kwa sharti kwamba aandike majina ya wanawake wanaotumia laini za watoto wao wa kiume kwa siri. Anaandika. Jina la Kabula analiruka siku ya kwanza, siku ya pili. Ya tatu ndiyo hadithi.

Kisha weka ulinzi wa mtaani. Usukumani tuna sungusungu, walioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Walileta usalama mahali polisi hawakufika, na watu waliwashukuru. Hicho ndicho unachokitaka: chombo kilichoanza kwa haja ya kweli, kikapendwa, halafu siku moja kikaanza kuuliza mwanamke huyu anatoka wapi saa hizi.

Na usimsahau mume mwema. Atwood anaye: mke anapopoteza kazi na akaunti siku moja, mume anamkumbatia na kumwambia atamtunza. Hakuna kofi wala tusi. Mke anahisi kitu kimemteleza, kwamba mwenzake hajaumia kama yeye, pengine hata hakuchukia. Ukurasa ule unanitisha kuliko vitanzi vyote vya kitabu kile. Kwa Kabula, mume anarudishiwa laini mbili, ya kwake na ya mkewe. Anamtumia pesa ya dagaa kila asubuhi bila kukosa. Siku moja tu anauliza, kwa upole, "Mbona jana ndoo zilikuwa sita?"

Hatua ya 5: Jibu swali la Igombe

Chukua karatasi. Andika kwa kila mhusika: maji anapata wapi, anapikia nini, anafulia wapi, akiwa hedhini anatumia nini, akijifungua nani yupo. Nusu ya majibu hutayatumia, lakini yatakuzuia kudanganya.

Butler ni mwalimu wa hatua hii. Riwaya yake inaanza mwaka 2024, California, na maji yanauzwa ghali kuliko petroli. Msichana Lauren anapolazimika kutembea barabarani kwenda kaskazini, anajivika uanaume, kwa sababu tatizo lake la kwanza njiani ni kuonekana mwanamke. Amri ya serikali haihitajiki hapo. Serikali imekunja virago tu, na kazi ya kubaki hai ikawaangukia waliokuwa wakiifanya tangu zamani.

Mwanza ina picha ya namna hiyo tayari. Panda Mabatini au Igogo, kwenye nyumba zilizokaa juu ya mawe. Chini unaliona ziwa, kilomita za mraba 68,800 za maji baridi. Mtaani bomba limekauka, na mwanamke anapandisha ngazi za mawe na ndoo ya lita 20 kichwani. Usiongeze kitu. Waandishi wengine wangeleta ukame. Wewe acha ziwa limejaa.

Hatua ya 6: Ichokonoe lugha

Mwaka 1984 Suzette Haden Elgin alitoa Native Tongue, riwaya ya wanawake walionyang'anywa haki zote ambao wanatengeneza lugha yao kwa siri. Elgin alikuwa mwanaisimu, hivyo akaitengeneza kweli. Sisi hatuhitaji kutengeneza. Kiswahili kimeficha zana za kutosha.

Ya kwanza: yeye ni yeye. Unaweza kuandika kurasa ishirini bila msomaji kujua mhusika ni mwanamke au mwanaume, jambo linalowatesa sana waandishi wa Kiingereza. Itumie. Msomaji ataweka jinsi mwenyewe, na utakapoifichua atajiona.

Ya pili: mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Kauli ya kutendwa imewekwa mdomoni mwetu tangu utotoni. Katika hadithi yako, mwanamke mmoja aseme "nilimwoa" kisha uone kijiwe kizima kikicheka, halafu kikinyamaza. Au serikali yako itoe amri ya kurekebisha sarufi: kitenzi chochote kinachohusu mwanamke kiwe cha kutendwa. Amelipwa, amepelekwa, amelishwa, amelazwa. Aya moja tu ya tangazo la namna hiyo inatosha.

Ya tatu ni majina. Mtumwa wa Gilead anaitwa kwa jina la bwana wake, yaani "wa Fred", na jina lake la kweli hatuambiwi waziwazi. Hapa mwanamke akishajifungua anakuwa Mama Kulwa, na miaka kumi baadaye majirani hawajui aliitwa nani kwao. Sisemi ni kitu kimoja. Mama Kulwa ni jina la heshima, mimi mwenyewe ningelifurahia. Lakini jaribu hivi: katika hadithi yako mtoto anakufa. Wanamwitaje kesho yake?

Hatua ya 7: Geuza jinsi uone

Hii ni ya dakika kumi. Chukua tukio ulilokwisha kuandika, wabadilishe wote jinsi. Likichekesha, umegundua mahali mazoea yanapojificha. Likibaki linauma vile vile, ni ukatili wa mamlaka tu, na huenda hadithi yako inahusu hilo. Naomi Alderman, Mwingereza, aliandika riwaya nzima juu ya mgeuzo huo mwaka 2016, The Power: wasichana wanapata umeme mikononi, dunia inapinduka, na walioshika nguvu mpya wanaanza kufanya yale yale. Ipime na ndoto ya Rokeya. Mmoja alitumaini, mwingine alishuku.

Hatua ya 8: Amua nani anabaki na hadithi

Kabla ya kuandika mwisho, amua hadithi hii imetufikiaje. Lauren wa Butler anaandika shajara. Mwanamke wa Gilead alijirekodi kwenye kaseti, na katika kurasa za mwisho, mwaka 2195, profesa mwanaume anazijadili mbele ya ukumbi, anatania, na kinachomshughulisha ni kutaka kujua bwana yule alikuwa nani hasa. Ametoroka au hakutoroka, hatujui. Sauti yake imepona, ikaangukia mikononi mwa mtu asiyeisikia.

Kabula wangu ana daftari la mauzo. Kila ukurasa una tarehe, ndoo, bei. Baada ya amri, bei zinaanza kuwa za ajabu, haziendani na msimu. Ni maandishi ya siri, na anayeweza kuyasoma ni mtu aliyewahi kuuza dagaa. Ofisa wa sungusungu analipekua, anaona hesabu, anamrudishia.

Ukishapata rasimu, usiitume kwenye kundi la waandishi kwanza. Ipeleke mwaloni. Nenda kipindi cha mbalamwezi, kwa sababu dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa na mwezi ukiwa mkubwa boti nyingi zinapumzika. Akina mama wana nafasi. Fika alasiri, jua likishalegea. Soma kwa sauti, polepole, na usieleze kabla ya kusoma. Watakapokatiza, acha wakatize, andika walichosema kama walivyosema. Mimi Kabula nimemsoma Igombe mara mbili. Mara ya kwanza walibishana nusu saa kama ndoo nane zinatosha kulipa kodi ya nyumba. Mara ya pili yule mama wa maroboti alisikiliza hadi kwenye jina lililorukwa, akasimama, akajikung'uta magamba, akasema shangazi wa hadithi hii anamjua, wameolewa mtaa mmoja.